Traiathloni ya umbali kamili: nijiandikishe ya Aprili au nianze na nusu?

Mwalimu wa Isanga

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kuhusu traiathloni, yaani mbio za kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, hasa kwa wale ambao wameshashiriki, maana hapa Mbeya kila nikilitaja jambo hili naambiwa "utaweza tu", na bado sijampata wa kunieleza nitawezaje.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 36. Nilianza kukimbia baada ya kumzika kaka yangu aliyeondoka kwa presha akiwa na miaka 41. Mwanzoni nilikimbia kwa hofu. Siku hizi nakimbia kwa sababu napenda. Kuna asubuhi napita mtaa wa Forest, ukungu bado umelala juu ya mlima Loleza, jasho linanitoka, najisikia kama mtu aliyepewa zawadi. Kilimanjaro Marathon nimekimbia mara mbili, zote kilomita 42, ya mwisho nilitumia saa 4 na dakika 21. Baiskeli ninayo, ya reisi, ya mtumba. Katikati ya wiki naenda nayo Mbalizi na kurudi, Jumamosi napanda barabara ya Chunya mpaka juu kabisa, kisha nateremka nyumbani. Safari yangu ndefu kuliko zote ni ya kwenda Kiwira na kurudi, karibu kilomita 100, na mlima wa kurudia ulinimaliza.

Kuogelea ndiko kunakoninyima usingizi. Nimejifunza ukubwani, kwenye bwawa la hoteli lenye urefu wa mita 20. Kilomita moja namaliza kwa dakika 31. Wiki mbili zilizopita nilikwenda Matema nijaribu ziwani. Nilimwomba kijana mmoja mvuvi anisindikize na mtumbwi. Ziwa lilikuwa shwari, milima ya Livingstone imesimama pembeni kama ukuta, hakuna hata wimbi la kusingizia. Kama mita 200 hivi kutoka ufukweni nikatazama chini. Ule mchanga niliokuwa nauona umekwisha, imebaki buluu nzito inayoelekea kuwa nyeusi. Pumzi ikakatika palepale. Sikuwa nimechoka, mikono ilikuwa na nguvu zake zote, ila kifua kilikataa. Nikadaka ukingo wa mtumbwi. Yule kijana akaacha kupiga kafi, akasubiri, halafu akaniambia kwa upole, "Toa pumzi kwanza, kaka. Ya kuvuta itakuja yenyewe."

Ndoto yangu ni Ironman ya Afrika Kusini, kule Port Elizabeth, mji ambao sasa unaitwa Gqeberha. Huwa inafanyika Machi au Aprili. Kwa asiyeifahamu, unaogelea kilomita 3.8 baharini, unaendesha baiskeli kilomita 180, halafu unakimbia marathoni nzima, vyote siku moja bila kulala, na ukomo ni saa 17. Hela nimeweka akiba kidogo kidogo kwenye SACCOS yetu kwa miaka miwili. Sasa ni Septemba, nina miezi saba.

Je, nijiandikishe, au nianze na umbali wa nusu kwanza? Na kama ni nusu, ipi? Mke wangu ananiunga mkono, lakini tuna mtoto wa miaka miwili na ameniuliza swali ambalo sijalijibu: Jumamosi zipi nitakuwepo nyumbani? Nitashukuru sana.

Mtoto wa Ziwa

Ugonile mwalimu. Mimi nimezaliwa huku Kyela, nimeogelea Nyasa kabla sijajua kusoma. Mbio zenu hizo sijawahi kushiriki, ila maji nayajua, kwa hiyo nitasema ya maji tu.

Huyo kijana aliyekusindikiza amekupa dawa yenyewe. Mtu akiogopa maji marefu huwa anavuta hewa juu ya hewa, kifua kinajaa, anadhani amekosa pumzi kumbe zimemzidi. Fanya hivi: kila uso ukiwa ndani ya maji toa mapovu, mfululizo, taratibu, kama unampulizia mtoto uji. Usiibane pumzi hata kidogo. Fanya bwawani mpaka iwe tabia, ndipo urudi kwenye kina.

La pili ni majira. Miezi hii ya Septemba mpaka Novemba ndiyo ziwa limetulia. Kuanzia Mei mpaka Agosti upepo wa mwera unavuma kutoka kusini, ziwa linachafuka, hata wavuvi kuna siku hawatoki. Mwezi kama Juni mtu wa kuogelea anaingia alfajiri, ikifika saa tatu ameshatoka. Usiende kinyume na wenyeji. Wakisema leo hapana, kaa ufukweni, kunywa chai.

La tatu, kaa mbali na midomo ya mito. Huko ndiko mamba walipo, hasa maji yakiwa ya rangi ya udongo baada ya mvua. Kila kijiji cha pwani hii kinajua sehemu zake, uliza kabla hujavua shati. Na kichocho kipo Nyasa. Konokono wake wanakaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, kwa hiyo panda mtumbwi ufukweni, ingia majini huko kwenye kina. Ukimaliza msimu wako, acha zipite wiki kadhaa kisha nenda hospitali ukapime, wakikuta unacho watakupa dawa. Usinunue dawa dukani kwa kukisia.

Jingine dogo: ziwani hakuna mstari wa bluu chini wa kukuongoza. Chagua kitu kikubwa kwenye mlima, kila mikono sita au minane inua macho kidogo ukione, kisha endelea. Wageni wengi wanaogelea njia ya nyoka, mita 1,000 zinakuwa 1,200.

Mama wa Mafinga

Kamwene mdogo wangu. Nimesoma maelezo yako mara mbili na yamenirudisha mbali. Nina miaka 44, nafanya biashara ya mbao hapa Mafinga, na hilo unalotaka kulifanya mimi nilishalifanya. Kwa hiyo nitakueleza kwa urefu, univumilie.

Mwaka 2022 nilikuwa Rubavu, Rwanda, ilipofanyika Ironman 70.3 kwa mara ya kwanza, mwezi Agosti. Hiyo ndiyo nusu: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, kukimbia 21.1. Nilimaliza nikiwa na nguvu za kuongea na watu. Nikarudi nyumbani kichwa kimepanda, wiki haijaisha nimejiandikisha Afrika Kusini ya mwaka uliofuata. Niliona miezi ipo. Sikukaa chini nikajiuliza hiyo miezi ni ipi.

Tuihesabu pamoja. Septemba na Oktoba barabara kavu. Novemba mvua zinafungua. Desemba, Januari, Februari, Machi ni mvua, na sisi wa Mufindi tunaongezewa ukungu juu yake. Sasa mazoezi ya mbio hizi yanapanda kama ngazi. Zile safari za baiskeli za saa tano, saa sita, saa saba hazikai mwanzoni, zinakaa kwenye miezi mitatu ya mwisho. Kwa mbio za Aprili maana yake Jumamosi zako zote kubwa zinaangukia kwenye matope ya Januari hadi Machi. Nilipanga safari ndefu kumi na mbili. Nilimaliza nne. Nyingine niligeuzia Nyololo nimelowa chapachapa, vidole vimekufa ganzi nashindwa hata kubana breki, malori ya Tunduma yananirushia maji ya barabarani usoni. Siku moja lori lilinisogeza mpaka nje ya lami. Nilisimama kwenye majani miguu inatetemeka, nikampigia mume wangu aje na gari.

Siku ya mbio, baharini nilitoka kwa saa 2 na dakika 11. Ukomo wa kuogelea kawaida ni saa 2 na dakika 20, kwa hiyo nilishangilia. Lakini ukomo wa baiskeli unahesabiwa tangu ulipoanza kuogelea, nao huwa ni saa 10 na nusu. Piga hesabu: ukitoka majini kama mimi, ukabadili nguo kwa dakika kumi na kitu, zinabaki saa 8 na dakika chache za kilomita 180. Ni mwendo wa kilomita 22 kwa saa bila kusimama. Na mji ule unajulikana kwa upepo. Kilomita 120 za kwanza nilikwenda vizuri, 24 kwa saa. Baada ya hapo mapaja yakawa yamefika mahali ambapo hayajawahi kufika, maana safari yangu ndefu kuliko zote kwenye mazoezi ilikuwa kilomita 118. Ukaja upepo wa uso. Mwendo ukashuka 18, ukashuka 16. Nilikuwa kilomita ya 170 muda ulipokwisha. Mama mmoja wa kujitolea alipiga goti barabarani akanifungua ile chipu ya kupimia muda mguuni yeye mwenyewe, taratibu, kama unavyomvua viatu mtoto aliyesinzia. Nililia mbele yake na sikuona aibu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: Aprili hii usijiandikishe. Kukimbia unaweza, hilo halina ubishi. Lakini miezi saba uliyonayo ni miezi mibaya kwa baiskeli, na kwa maji una miezi mitatu tu mizuri kati ya hiyo saba.

Wewe una kitu ambacho mimi sina: likizo ya Juni. Juni barabara zetu zimekauka. Baridi ni kali, asubuhi vidole vitalia, lakini baridi kavu unaivalia nguo. Hiyo likizo ikitumika vizuri, mbio zinazokufaa ni za Agosti, yaani Rwanda. Rubavu iko mita kama 1,450 juu ya usawa wa bahari, mapafu ya Mbeya hayatashtuka. Maji ni ya ziwa, hayana chumvi, kama ulikojifunzia. Viza huhitaji. Ukiwa huna nauli ya ndege unapita Kahama na Rusumo kwa basi mpaka Kigali, baiskeli ikiwa kwenye buti. Ila Rubavu imepakana kabisa na Goma, kwa hiyo fuatilia hali ya usalama na tarehe zao rasmi kabla hujalipa hata shilingi. Kuna 70.3 nyingine Mossel Bay, Afrika Kusini, mwezi wa Novemba. Kwa majira yetu hiyo ndiyo bora kuliko zote, maana kiangazi chote kinakuwa chako na Nyasa imetulia Septemba na Oktoba. Lakini Novemba kidato cha nne wako kwenye mtihani, na sidhani mkuu wako wa shule atakuelewa.

Mwaka wako naupanga hivi. Sasa mpaka Novemba, maji. Nenda Matema kila unapoweza, hata mara moja kwa wiki mbili, na katikati bwawani mara tatu kwa wiki. Kukimbia punguza, acha kuwe kwa kujiburudisha. Desemba mpaka Februari mvua zikiwa nyingi, rudi kwenye miguu, na baiskeli iwe saa moja au saa moja na nusu pale mbingu zinapofunguka. Mwisho wa Februari nenda Moshi ukakimbie 21, siyo 42. Nasisitiza hapo, kwa sababu nakujua, utajiambia 42 umeshaizoea. Marathoni nzima itakula wiki tatu nne za kupona, na mwaka huu huna wiki za kutupa. Machi na Aprili unajenga polepole, saa saba mpaka nane kwa wiki, kuogelea, baiskeli na kukimbia vikijumlishwa. Mei kuna Tulia Marathon hapohapo mlangoni kwako, itumie kama mazoezi, asubuhi yake endesha baiskeli kwanza kisha ukakimbie na miguu mizito. Juni ndiyo shoka lenyewe: saa kumi, kumi na moja kwa wiki, Jumamosi baiskeli ya kilomita 80 mpaka 110 na ukishuka tu unakimbia nusu saa. Kila wiki tatu za kupanda, ya nne unashusha karibu nusu. Watu wanairuka hiyo ya nne wakijiona wanajituma, halafu goti linawaambia. Wiki mbili za mwisho kabla ya mbio unapunguza, unalala, unakula.

Kwenye nusu ukomo huwa ni saa 8 na nusu, kuogelea saa 1 na dakika 10. Kwa kasi yako ya bwawani, dakika 31 kwa kilomita, unatoka kwa saa moja kasoro. Lakini bwawa la mita 20 linakupa ukuta wa kusukumia mara 95 katika hizo mita 1,900. Ziwani hakuna ukuta. Hesabu saa 1 na dakika 5 na ujue umebakiwa na dakika tano tu. Ndiyo maana nasema maji kwanza. Na usome mwongozo wa mbio zenyewe, maana kila mbio zina ukomo wake.

Chakula nacho kifanyie mazoezi, usikibuni siku ile. Tumbo la mtu anayeendesha baiskeli linahitaji gramu 60 mpaka 90 za wanga kila saa, na halifundishiki kwa siku moja. Mimi natumia lita moja ya maji, sukari vijiko vitano vya chakula, chumvi nusu kijiko cha chai, na limau. Hiyo ni kama gramu 60. Ndizi mbivu ya ukubwa wa kawaida inaongeza kama 25. Viazi mviringo vya Njombe vilivyochemshwa na chumvi nafunga kwenye karatasi ya foili, nakula kila baada ya dakika 40 nikiwa bado sina njaa. Ukisubiri njaa umechelewa.

Huo umbali kamili utakuja Aprili ya mwaka unaofuata, ukiwa na mwaka mzima mwilini. Mimi nilirudi. Safari hii nilifuata ukavu. Kuanzia Januari nilikuwa naondoka Ijumaa jioni, nalala kwa dada yangu Iringa mjini, alfajiri nashika barabara ya Dodoma, nateremka Nyang'oro kuelekea Mtera. Kule ni joto na ukame wakati Mafinga inazama kwa mvua, na malori ni machache. Niliendesha kilomita 150 mara tatu na 170 mara moja. Nilimaliza kwa saa 15 na dakika 48. Kwako wewe Mtera yako ni Chunya. Panda na basi mpaka Chunya mjini, mvua nyingi utaiacha upande huu wa mlima, halafu nenda Makongolosi na kurudi mara mbili. Unakaribia kilomita 160 za lami.

Na swali la mke wako ndilo nililopaswa kulijibu kwanza. Lijibu kwa karatasi, siyo kwa mdomo. Mimi na mume wangu tulikaa na kalenda ya ukutani tukatia alama siku zake kabla ya zangu.

Fundi wa Mwanjelwa

Mwalimu, mama amemaliza kila kitu, mimi naongeza ya chuma tu. Baiskeli ya mtumba siyo tatizo, nimewafungia watu wengi na zimewafikisha. Ila kabla ya kuongeza kilomita ilete nikupimie urefu wa siti. Wengi wanaonijia wakilalamika goti, nikiangalia siti iko chini vidole viwili au vitatu. Kwa safari ya saa moja hutasikia, kwa saa sita goti linavimba.

Breki zako kama ni za kubana rimu, mteremko wa Chunya unakula vipira vyake haraka, na wakati wa mvua vinaisha kama chaki. Viangalie kila Ijumaa. Ukitoka mvuani usiiegeshe baiskeli hivyohivyo ukalale, futa mnyororo, upake mafuta kidogo, futa tena yaliyozidi. Udongo mwekundu wa huku ukichanganyika na mafuta unasaga gia kama msasa.

Nyuma pale kuna kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia gia kwenye fremu. Kimetengenezwa kipinde chenyewe ili fremu isivunjike. Kwenye buti la basi ndicho kinachopinda kwanza, na kila aina ya fremu ina chake, huwezi kuazima. Tafuta cha akiba sasa hivi, kinaweza kuchukua miezi kupatikana. Ukisafirisha, fungua gia ya nyuma yote, ifunge kwa kitambaa ndani ya fremu.

Halafu jifunze kuziba pancha mwenyewe. Siyo kujua, kufanya. Njoo dukani jioni moja, nitakutobolea tyubu uibadilishe mbele yangu mpaka ufike dakika sita. Sitakutoza.

Mwalimu wa Isanga

Sijui nianze kumshukuru nani. Ndaga fijo Mtoto wa Ziwa. Jana bwawani nilitoa mapovu mfululizo kama ulivyosema, nikafika mita 600 kabla sijagundua kwamba sikuwa nahesabu pumzi. Fundi, nakuja Alhamisi baada ya vipindi.

Dada wa Mafinga, nilisoma maelezo yako kwa sauti nyumbani. Tulipofika kwa yule mama aliyekufungua chipu, mke wangu aliniomba nisimame kidogo. Nimekubali. Aprili hii naiacha. Imeniuma, sitadanganya, nilishamwambia hata mwalimu mwenzangu tarehe. Lakini ile hesabu ya miezi sikuwahi kuifanya, na nimefundisha jiografia miaka tisa.

Nina swali moja lililobaki. Desemba mpaka Mei siwezi kufika ziwani mara kwa mara. Hicho nitakachojifunza Matema sitakipoteza kwenye bwawa la mita 20?

Mtoto wa Ziwa

Utapoteza kidogo, usiogope. Fanya hivi: ukifika mwisho wa bwawa usiguse ukuta. Geuka mita moja kabla, majini, bila kusukuma. Mwendo unakufa kila mara na unalazimika kuuanzisha upya kwa mikono. Inachosha kuliko ziwa lenyewe. Ukiweza kwenda mita 1,500 hivyo bila kupumzika, Nyasa itakupokea. Na siku moja moja fumba macho kwa mikono minane, fumbua, uone umekwenda upande gani. Hapo ndipo utajua mkono upi unakuvuta pembeni.

Mama wa Mafinga

Msikilize huyo. Nami naongeza neno moja. Ukipata hata mara mbili za kwenda Matema Aprili au Mei, nenda, hata kama ni dakika 40 majini. Ile hofu ya kina huwa inarudi ikikaa muda mrefu. Mimi ilinirudia Rubavu, dakika tano za kwanza, na watu wamenizunguka kila upande wanapiga maji. Nilijigeuza chali, nikatazama mawingu, nikatoa pumzi kumi, kisha nikaendelea. Hakuna kanuni inayokukataza kulala chali. Lifanyie mazoezi hilo pia.

Na Jumamosi zako?

Mwalimu wa Isanga

Tumeshakaa na kalenda, dada. Jumamosi ya kwanza na ya tatu ni za baiskeli, narudi kabla ya saa sita mchana. Ya pili ni ya nyumbani, sitoki kabisa. Ya nne ni ya ziwa mpaka Novemba, na mke wangu amesema mwezi wa kumi watakuja wote, mtoto acheze mchangani nikiwa majini. Juni ameniachia yote, kwa sharti kwamba Desemba nampeleka kwao Tukuyu wiki mbili na baiskeli inabaki Isanga.

Yule kijana wa mtumbwi nimempigia leo. Jumamosi ijayo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, pale tulipokutana mara ya kwanza. Ameniuliza kama siku hizi natoa pumzi.